Maji mafu si maji machafu

Wiki hizi karibu kila barua inayonifikia inauliza jambo lilelile: hii akili mnemba (ndugu zetu wa Kenya wengi wanaiita akili unde) ikishaandika na kuhariri, sisi tunabaki na kazi gani? Nimehariri miswada ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka 20, na jambo hili linanigusa moyoni. Nimechagua maswali saba.

Shikamoo mama. Nina mswada wa hadithi fupi, kurasa 140. Mhariri niliyemwendea amenitajia bei nisiyoiweza. Rafiki yangu anasema niutie kwenye ChatGPT, utasafishwa kwa dakika kumi. Nifanyeje? – Mtunzi chipukizi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Mwaka jana nilipokea mswada wa kijana wa Mafia, msafi kuliko yote niliyowahi kuipokea. Hakuna herufi iliyorukwa, hakuna nukta iliyopotea. Ukurasa wa tatu nikakuta sentensi hii: "Zilikuwa siku za maji machafu, mama hakwenda pwani." Nikasita. Huyo mama anachokoa pweza mwambani, na hakuna mahali pengine hadithi inapotaja uchafu wa bahari. Nikampigia simu kijana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema yeye aliandika "maji mafu". Mashine ndiyo iliyomrekebishia, naye hakuona.

Kwa msomaji wa bara: maji mafu ni zile siku ambazo mwezi uko nusu, bahari haijai sana wala haikupwi sana. Kinyume chake ni bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanaondoka kwenda mbali, mwamba unabaki wazi na akina mama wanashuka na vijiti vyao kutafuta pweza. Kwa hiyo mama hakwenda pwani kwa sababu mwamba ulikuwa umefunikwa. Ndiyo maana siku hiyo yuko nyumbani, na ndiyo maana anaisikia siri iliyobeba hadithi nzima. Neno moja likibadilishwa, msomaji anaanza kusubiri habari za kipindupindu.

Mashine inafanya kazi kwa kukisia: kipande gani cha maneno hufuata kipi, kutokana na maandishi mengi mno iliyolishwa. Maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache ukiyaweka kando ya yale ya Kiingereza, na ya akina mama wa Mafia ni machache zaidi. "Maji machafu" yamejaa katika taarifa za afya, "maji mafu" ni nadra kuyakuta. Ikakisia, ikabadilisha, ikasonga mbele. Na mimi yapo maneno mengi ya visiwani nisiyoyajua, lakini nikikutana na nisilolijua nashika simu.

Kwa hiyo itumie kwa yale inayoyaweza: tahajia, maneno yaliyojirudia, mhusika anayeitwa Mwanaidi ukurasa wa 5 na Mwanaisha ukurasa wa 90. Iambie ikuoneshe makosa bila kugusa mswada, kisha ukubali au ukatae moja moja kwa mkono wako. Halafu mrudie mhariri na hadithi tatu tu, si kitabu kizima. Wengi tunakubali hivyo. Atakayokuonesha katika hizo tatu utaanza kuyaona mwenyewe katika zilizobaki.

Nafundisha Kiswahili sekondari. Programu ya kugundua maandishi ya mashine imesema insha ya mwanafunzi wangu ni ya akili unde kwa asilimia 87. Nimpe sufuri? – Mwalimu, Kakamega

Hapana, mwalimu, si kwa ushahidi huo. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilikuwa na kifaa chake cha kugundua maandishi ya mashine, na Julai 2023 ikakiondoa kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vifaa saba vya namna hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine, ilhali ziliandikwa na watu. Na hapo ni Kiingereza, lugha ambayo vifaa hivyo vimeizoea.

Mwite mtoto pembeni, si mbele ya wenzake. Akusomee aya ya pili kwa sauti, kisha muulize kwa nini alichagua methali ile na si nyingine, na alikwama wapi. Aliyeandika anakumbuka alipokwama. Asiyeandika utamjua ndani ya dakika tatu, naye atajua kwamba umemjua. Huyo mpe kalamu aandike upya darasani, maana sufuri haimfundishi kuandika.

Natafsiri vipeperushi vya afya. Sasa shirika linaniletea tafsiri ya mashine niihariri tu, kwa theluthi ya malipo ya zamani. Wanasema kazi imekuwa rahisi. – Mtafsiri, Bukoba

Si rahisi, ndugu yangu, na usikubali kuambiwa hivyo. Mimi pia niliwahi kuletewa kipeperushi cha aina hiyo. Kiliandikwa: "Meza kidonge kimoja saa 8 asubuhi na kimoja saa 8 jioni." Soma tena. Kwetu saa nane ni ya mchana au ya usiku, na hakuna saa nane ya asubuhi. Mashine ilichukua tarakimu ya Kiingereza ikaiacha ilivyo, wakati ilitakiwa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Mgonjwa mmoja atameza saa nane mchana na kuamka saa nane usiku kumeza tena. Mwingine atachanganyikiwa aache kabisa.

Sentensi yenyewe ina ngeli sahihi, vitenzi sahihi, alama sahihi. Mtu aliyechoka akikosea, mara nyingi sentensi huchechemea na jicho likasita. Hii haikuchechemea popote. Ili uikamate lazima usome Kiingereza mstari kwa mstari na Kiswahili mstari kwa mstari, na hiyo ndiyo kazi uliyokuwa ukilipwa kamili kuifanya. Omba ulipwe kwa saa, si kwa neno. Chagua sentensi tatu zilizoharibika vibaya, ziweke mezani pamoja na asili yake, na mweleze bosi wako mgonjwa angefanya nini kwa kila moja.

Na akikuambia mashine imefanya sehemu kubwa bure, mkumbushe wa Nairobi. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza habari za vijana wa huko waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili wa kutisha, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Kuna jasho la watu ndani ya kila jibu la mashine. Linauma zaidi likifichwa.

Mjukuu wangu ananiambia mashine inatunga mashairi ya arudhi. Ni kweli? – Mzee wa Wete, Pemba

Shikamoo mzee. Niliijaribu. Niliiomba tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, mizani (silabi) nane kwa nane. Vina vilikuja bila shida. Kisha ikaniletea mshororo huu: "Nakupenda mama yangu, wewe ni nuru ya maisha yangu." Ukwapi, kipande cha kwanza, uko sawa, mizani nane kamili. Utao, kipande cha pili, una kumi na moja. Nikaiambia ihesabu, ikanijibu kwa uhakika wote kwamba ni nane.

Sababu ni kwamba haisikii silabi. Inayakata maneno vipande kwa namna yake, na vipande hivyo havilingani na pumzi ya mtu anayeghani. Programu hizi hubadilika upesi, huenda kesho ikahesabu vizuri. Hata hivyo ningependa mjukuu wako akae nawe alasiri moja barazani, umwambie apige meza kwa kidole, pigo moja kwa kila mizani, mpaka mkono wake ujue mshororo umezidi kabla kichwa hakijajua.

Mkuu wetu wa chumba cha habari anataka habari za uchumi ziandikwe na mashine, sisi tuzipitishe tu. – Mwandishi, Nairobi

Mpelekee mkasa wa CNET, tovuti ya habari za teknolojia ya Marekani. Ilichapisha makala 77 za fedha zilizoandikwa kwa msaada wa mashine, na mapema 2023 ikalazimika kusahihisha 41 kati ya hizo. Moja ilimwambia msomaji kwamba akiweka dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3, mwisho wa mwaka wa kwanza atakuwa amechuma dola 10,300. Alichochuma ni dola 300. Hesabu hiyo hata muuza nyanya asingeikosea, na wahariri wa huko waliipitisha, kwa sababu "kupitisha tu" humlaza mtu usingizi.

Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times likatoa kijalizo chenye orodha ya vitabu 15 vya kusoma, na 10 kati yake havikuwahi kuandikwa. Majina ya waandishi yalikuwa ya kweli, vitabu ni vya kubuni. Kijalizo kilitoka kwa kampuni ya nje, na mwandishi wake alikiri kutumia mashine bila kuhakiki.

Chumba cha habari kina swali moja ambalo kila mwanagenzi huulizwa siku ya kwanza: nani kakuambia? Mwambie mkuu wako kila habari ya mashine ipewe mtu wa kulijibu swali hilo kwa jina lake, na apewe muda wa kulijibu. Akikataa kutoa muda, jina lako lisitokee juu ya habari hiyo.

Nikiandika kitabu kwa mashine, hakimiliki ni ya nani? – Msomaji, Muscat

Marekani jambo hili limeshafika mahakamani. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua, katika shauri la Stephen Thaler, aliyetaka hakimiliki ya picha iliyotengenezwa na mashine, kwamba kwa sheria yao mtunzi wa kazi yenye hakimiliki lazima awe binadamu. Uliyoyatunga mwenyewe ndani ya kazi hiyo ni suala jingine. Kabla ya kusaini mkataba huku kwetu, waone wasimamizi wa hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, na umweleze mchapishaji ukweli wote.

Nimemaliza chuo, nilisoma Kiswahili. Ndoto yangu ni kuhariri vitabu, lakini nyumbani wote wananiambia nimechelewa. – Binti, Dodoma

Hujachelewa, binti yangu. Weka Kamusi Kuu ya BAKITA mezani, na kando yake daftari. Kila neno usilolijua liandike, pamoja na mtu aliyekueleza na mahali anapotoka. Daftari langu la sasa lina "maji mafu" ukurasa wa 12, na chini yake jina la kijiji na namba ya simu ya shangazi wa yule kijana wa Mafia. Yeye ndiye aliyenihesabia siku za mwezi moja baada ya nyingine, mpaka nikaelewa ni siku gani mama yule angeshuka mwambani. Ukija Dar es Salaam niletee ukurasa mmoja uliouhariri kwa kalamu nyekundu, tukae tuusome kwa sauti.