Kabla ya Kuchanganya Manjano na Mionzi: Kwa Wanaoanza Maabara

Wadogo zangu, nimesoma tena ripoti inayodai kwamba kurkumini, yaani kemikali inayoyapa manjano rangi yake, ikiongezwa kwenye mionzi huua seli za saratani ya koo zaidi kuliko mionzi peke yake, na tena sikuona sahani zilizopewa kurkumini bila mionzi. Nawapenda, ila mnanichosha.

1. Makundi ni manne: kiyeyusho tu (kimiminika cha kuyeyushia kurkumini), kurkumini tu, mionzi tu, na vyote viwili. Sahani zisizopigwa mionzi nazo zibebwe hadi kwenye mashine na kurudishwa pamoja na wenzake.

2. Thibitisheni seli kwanza. Juzi kijana mmoja alitoa kwenye nitrojeni kichupa cha HEp-2, laini ya seli (seli zinazokuzwa maabara kizazi baada ya kizazi), akakibandika lebo ya "zoloto", yaani kisanduku cha sauti kooni, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Aibu hiyo si yake, ni ya fani nzima. HEp-2 iliingia maabara miaka ya 1950 kwa jina la saratani ya zoloto, lakini mwaka 1966 mwanajenetiki Stanley Gartler aliwaonyesha wenzake kwamba laini nyingi za seli walizozitunza kwa majina mbalimbali zilikuwa HeLa, yaani seli za saratani ya mlango wa kizazi alizotolewa Henrietta Lacks kule Baltimore mwaka 1951. HEp-2 nayo imo katika orodha hiyo. Tukasikia, tukanyamaza, tukaendelea kuandika "koo" kwenye vichwa vya makala. Madhara yake hayaishii kwenye jina. HeLa hubeba vinasaba vya kirusi cha HPV 18 (aina ya kirusi cha papiloma cha binadamu), na protini yake ya E6 husababisha kuvunjwa kwa p53, protini ambayo huchangia kuamua kama seli iliyokatwa DNA na mionzi itasimama ijikarabati au itakufa. Katika saratani nyingi za zoloto za wavuta sigara, p53 imeharibika kwa mabadiliko ya jeni yenyewe, bila kirusi chochote. Basi anayejaza kurasa akieleza jinsi kurkumini ilivyoifufua p53 ya koo, anaeleza kiungo kingine kabisa. Tumieni FaDu, laini iliyotoka koromeo la chini, na hata hiyo ipimwe STR, yaani alama za DNA zinazotambulisha seli ni za nani.

3. MTT, kipimo cha rangi kinachoonyesha kama seli bado zina uhai, haitoshi, kwa kuwa seli iliyopigwa mionzi huweza kupumua siku kadhaa ilhali haitagawanyika tena, na umanjano wa kurkumini huvuruga usomaji wa rangi. Hesabuni koloni, yaani makundi yaliyozaliwa na seli moja moja, zenye seli 50 au zaidi.

4. Kurkumini itayarishwe siku ileile na ikingwe mwanga.

5. Kurkumini ikibakiza seli 70 katika 100, na mionzi ikabakiza 50, tarajieni 35 kwa mchanganyiko, yaani nusu ya zile 70. Mkipata 35, hakuna ushirikiano wowote uliogunduliwa. Zikishuka chini ya hapo, rudieni kwa seli za kawaida za utando wa koo kabla ya kushangilia, maana mgonjwa anayepokea greyi 70 (greyi ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 35 huchubuka utando huohuo, na mchanganyiko unaoua seli za aina zote mbili sawasawa haumfai.