Peugeot 504 ya Marehemu Baba: Tuiuze au Tuitunze?

SWALI: Mhandisi, assalamu alaikum. Marehemu baba yetu ametuachia Peugeot 504 ya saluni, modeli ya GL ya mwaka 1978, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1971, ambayo aliinunua ikiwa mpya. Tangu alipofariki, sasa ni mwaka wa pili, gari limeegeshwa uani kwetu Nyali chini ya turubai na halijawashwa hata mara moja. Rangi imevimba chini ya milango, na hata kabla ya kuegeshwa lilikuwa likichemsha kila linapopanda mlima wa Mazeras. Fundi mmoja anasema injini imekufa na anapendekeza tuweke ya Toyota. Dalali ametoa Sh 250,000 kwa hali lilivyo. Dada zangu wawili wanataka liuzwe, lakini mimi roho inakataa, maana ndilo lililotupeleka shule. Je, tuliuze au tulitunze?

JIBU: Wa alaikumu salaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Swali lako limekuja kama swali moja, lakini ndani yake mna matatu ambayo yakichanganywa hayajibiki: gari liko katika hali gani, litakula kiasi gani kila mwaka likibaki nyumbani, na nani hasa ana haki ya kuliuza. Naanza na la kwanza, kwa sababu hapo ndipo fundi wako alipokupoteza njia.

Watu wengi hulipima gari kuukuu kwa injini, kwa kuwa injini ndiyo inayopiga kelele na ndiyo inayomwacha mtu njiani, ilhali katika 504 injini ni miongoni mwa vitu vinavyofufuka kwa urahisi zaidi. Bloku yake ni ya chuma, lakini pistoni hazisugui bloku yenyewe. Zinapanda na kushuka ndani ya laina nne zinazochomoleka, ambazo kwa nje zimezungukwa na maji ya kupoza. Silinda zikichakaa hupeleki bloku kuchongwa: unachomoa laina pamoja na pistoni zake, unaweka seti mpya, na injini inarudi katika vipimo vya kiwandani. Sehemu dhaifu ni silinda hedi, ambayo ni ya aluminiamu na hupinda injini inapochemka mara kwa mara, kisha gasketi huungua. Gari linalochemsha kwenye mlima wa Mazeras, hasa ikiwa kwa miaka mingi lilijazwa maji ya kisima yenye chumvi badala ya dawa ya rejeta, mara nyingi limeziba rejeta au limechoma gasketi, na pengine yote mawili. Hayo ni maradhi yanayotibika.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mafundi vijana hawalijui. Feni ya 504 nyingi haizunguki wakati wote. Inashikwa na sumaku ya umeme pale maji yanapofikia joto fulani, na umeme huo hupita kwenye kipande kidogo cha kaboni kinachosugua kitako cha feni. Kaboni hiyo ikiisha, feni inazunguka kwa uvivu tu, na gari linachemka mlimani huku kwenye tambarare likionekana zima. Niliwahi kuletewa gari ambalo hedi yake ilikuwa imeshushwa mara mbili na kupigwa pasi (kusawazishwa uso wake kwa mashine), na ugonjwa wenyewe ulikuwa hiyo kaboni.

Kwa hiyo, kabla ya kuamini kwamba injini imekufa, mwambie fundi apime kompresheni, yaani shinikizo la ndani, ya silinda zote nne na akuandikie namba. Zikikaribiana, zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, injini ina uhai mwingi. Silinda moja ikiwa chini, atie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na apime tena: namba ikipanda, ringi na laina ndizo zilizochakaa, isipopanda, atazame valvu au gasketi. Fundi asiyekuwa na kifaa cha kupimia hana msingi wa kukutangazia msiba.

Kuhusu kuweka injini ya Toyota, ushauri wangu ni kukataa. Katika 504 shafti ya kupeleka nguvu nyuma imo ndani ya bomba gumu linalounganisha giaboksi na difu (giabox ya ekseli ya nyuma), na bomba hilo ni sehemu ya kazi ya mfumo mzima wa nyuma. Injini ya Toyota huja na giaboksi yake, na ukiingiza giaboksi ya gari jingine, lazima kitu kikatwe na kiungwe kwa kulehemu. Baada ya hapo namba ya injini haitalingana na iliyomo kwenye logbook (kitabu cha umiliki wa gari) mpaka mabadiliko yasajiliwe NTSA, mamlaka inayosajili magari, na mnunuzi anayelipenda gari hili kwa kuwa ni Peugeot atakuwa ameondoka. Utakuwa umetumia fedha ili kupunguza thamani.

Sasa tuje kwenye bodi, ambako ndiko uamuzi wako utakakopatikana. Peugeot 504 haina chesisi ya kutenganishwa kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo mifupa ya gari, na kutu ikila mahali fulani si uzuri unaoharibika bali nguvu. Nyali iko kando ya bahari, hewa ina chumvi na unyevu, na turubai la plastiki huufungia unyevu huo ndani: mchana chuma kinapata joto, usiku kinatoka jasho, na jasho halina pa kwenda. Liondoeni turubai hilo leo hata kama hamjaamua lolote. Paa la makuti au mabati lililo wazi pande zote ni bora kuliko turubai lolote.

Chukua sumaku ndogo, uizungushie kitambaa laini, na uipitishe chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu na kwenye pembe za buti. Pale inapokataa kushika, chini ya rangi mna filla (lipu ya kuzibia mabati) na si chuma. Kisha, gari likiwa limepandishwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi madhubuti (usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake), bonyeza kwa ncha ya bisibisi ile mihimili yenye uwazi ndani inayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Inua mazulia uitazame sakafu, hasa chini ya miguu ya dereva na chini ya kiti cha nyuma. Mwisho, fungua boneti na utazame kwa tochi vile vikombe viwili vya juu vinavyoshika shokapu za mbele, ukikagua pia upande wao wa chini kutoka kwenye tao la gurudumu. Uvimbe ulioutaja chini ya milango haunitishi sana, kwani mabati ya chini ya mlango hukatwa na kubadilishwa na fundi wa bodi yeyote mwenye mkono mzuri. Vikombe vya shokapu vikiwa vimeliwa, au bisibisi ikizama kwenye mihimili ya pande zote mbili, hiyo ni kazi ya miezi, ya fundi anayejua kuliegemeza gari lisipinde wakati wa kulehemu, na bei ya dalali wako ianze kuonekana kuwa ya haki.

Vipuri vya mitambo visikutie hofu. Gari hili lilianza kutengenezwa mwaka 1968, pikapu yake iliendelea kutoka viwandani kwa miaka mingi baada ya saluni kusitishwa Ulaya mwaka 1983, na injini kama yako iliwekwa pia kwenye 505. Lilitumika sana Afrika, na hapa Kenya, Pijo za abiria za masafa marefu zilizalisha kizazi kizima cha mafundi na maduka ya spea. Vinavyosumbua ni vile visivyoonekana kuwa na maana: taa za nyuma za saluni, vioo, mikanda ya kromu, vitasa, dashibodi isiyopasuka. Kagua kama hivyo vyote vipo, kwa maana gari lililokamilika lenye injini mbovu ni bora kuliko gari linalounguruma huku nusu ya vitu vyake haipo.

Kuhusu thamani, niseme kwa uwazi ili matumaini yasizidi kipimo. Jina la 504 lina heshima katika nchi hii. Ove Andersson alishinda Safari Rally nalo mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 kwa ile ya milango miwili yenye injini ya V6, na tangu 2003 mashindano ya East African Safari Classic yameyarudisha magari ya enzi hiyo barabarani. Lakini wakusanyaji hulipa fedha nyingi hasa kwa zile za milango miwili na zile za paa la kukunja. Saluni ya GL ni gari la familia, na zilitengenezwa nyingi. Kinachoipandisha yenu ni kuwa na mmiliki mmoja tangu mpya, logbook ya asili, namba za chesisi na injini zinazolingana nayo, na risiti za mzee kama alizihifadhi. Tafuteni bahasha hiyo kwenye kabati lake. Ina thamani kuliko rangi mpya.

Nisingependa mtunze gari hili kwa kutarajia kwamba bei yake itarudisha gharama. Huwa nawashauri wateja waandike namba mbili kwenye karatasi mbili tofauti. Ya kwanza ni gharama ya kulifikisha gari katika hali ya kuendeshwa kwa usalama: breki, matairi, mfumo wa maji, kabureta, umeme na kutu ile ya kimuundo tu, rangi isubiri. Ya pili ni gharama ya kila mwaka baada ya hapo, ikiwemo bima, ambayo kwa gari la umri huu kampuni nyingi hukubali ile ya mtu wa tatu tu, na zinazokubali bima kubwa hutaka ripoti ya mthamini na thamani iliyoafikiwa mapema. Namba ya kwanza hulipwa mara moja na mtu huisahau. Ya pili haisahauliki. Juu yake ndipo mapenzi yako yana haki ya kusema: jiulize kama ungekuwa radhi kulipa kiasi hicho kila mwaka ili gari la mzee liendelee kutembea, kama watu wanavyolipia shamba la urithi lisilowaingizia chochote. Ukijibu ndiyo bila kusitasita, hilo ni jibu halali, na mtu asikucheke.

Ila sharti langu ni kwamba liendeshwe. Gari la aina hii linahitaji kutoka angalau mara moja kwa wiki, mwendo wa nusu saa, hadi oili ipate joto kamili na kukausha unyevu wake, breki zijisugue, raba zilainike. Wewe mwenyewe umeona miaka miwili ya kuegesha imefanya nini. Wapo wanaokataa kuuza na wakati huohuo hawaendeshi, na kwa kweli hao ndio wanaoliua gari. Kati ya njia zote ulizo nazo, hiyo ndiyo pekee ninayokukataza. Kama kazi yako hairuhusu, na hakuna mpwa wala shemeji atakayelishika usukani, mpeni mtu mwingine akaliendeshe.

Hapo tunafika kwa dada zako. Mimi si wakili, lakini kazi ya uthamini imenikutanisha na mauzo mengi yaliyokwama kwa sababu hii: gari lingali kwa jina la marehemu, kwa hiyo ni sehemu ya mirathi, na kwa sheria ya Kenya si wewe wala dada zako mwenye mamlaka ya kuliuza mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi na kuithibitisha. Kwa familia ya Kiislamu njia hiyo inaweza kupitia Mahakama ya Kadhi. Dalali anayekuambia atamaliza hayo mambo ya karatasi mwenyewe anakutafutia kesi. Mkishapata hati, namna ya haki ni kumleta mthamini asiye na nia ya kununua, kisha wewe ulipe mafungu ya wenzako kwa bei hiyo na gari lisajiliwe kwa jina lako. Dada zako watapata chao, nawe utajua kwa shilingi ngapi hasa unapenda.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa yale uliyonieleza: vikombe na mihimili ikiwa mizima na uko tayari kuliendesha, lishike, tengeneza mfumo wa maji na hedi, na uachane na Toyota. Ikiwa vimeliwa, au huna muda, uzeni kama lilivyo. Msilipake rangi kabla ya kuuza, kwani mnunuzi anayejua atadhani mnaficha kutu na atapunguza bei kuliko mlivyotumia. Wala msikimbilie dalali wa kwanza. Chapisheni picha za kutu yenyewe, bila kuficha, kwa wapenzi wa Peugeot, na muone wanaojitokeza.

Jambo la mwisho ni la haraka, kwa sababu najua ukimaliza kusoma utatamani kusikia sauti yake. Usiugeuze ufunguo. Petroli iliyokaa miaka miwili imegeuka gundi. Imwageni yote, safisheni tangi na kabureta, badilisheni filta. Toeni plagi, tieni oili kidogo katika kila silinda, acheni usiku mmoja, kisha izungusheni injini kwa mkono kwa spana ya kranki mpaka ikamilishe mizunguko miwili bila kukwama. Badilisheni oili, na mafuta ya breki pia, ambayo hunyonya maji kutoka hewani na kuozesha silinda za breki kwa ndani. Tazameni ubavuni mwa matairi ile namba ya tarakimu nne: 3512, kwa mfano, ni wiki ya 35 ya mwaka 2012, na tairi la umri huo halifai hata kama mistari yake bado ni mirefu. Baada ya hayo wekeni betri, plagi zikiwa bado nje, na mpige stata mpaka taa ya oili izimike. Ndipo mrudishe plagi.