Kompyuta ya zamani na dreva za kuokoa umeme: badilisha kitu kimoja kimoja

Kompyuta yangu mpakato ina prosesa ya Intel ya mwaka 2011, inatumia Debian (mfumo endeshi wa Linux), na betri yake imechoka kiasi kwamba sioni aibu kupigania wati moja. Nilipoanza kuibana matumizi nilitoa amri ya powertop --auto-tune (powertop ni programu ya kupima na kubana matumizi ya umeme), ambayo huwasha kwa mpigo mipangilio yote ya kuokoa umeme inayoiona. Jioni ileile kipanya cha USB kikawa kinasinzia kila nikikiachia kwa sekunde chache, na spika zikawa zinatoa mlio wa "tak" kabla ya kila sauti.

Tangu hapo hubadilisha mpangilio mmoja tu, nikachomoa chaja, nikaiacha mashine itulie dakika kumi, ndipo nikasoma wati, kwa kuwa powertop hukadiria matumizi kwa kuangalia betri inavyopungua na chaja ikiwa imechomekwa haina cha kusoma. Mwangaza wa skrini usiguswe kati ya kipimo na kipimo.

Kipanya nilikiponya kwa kuandika "on" badala ya "auto" katika faili yake ya power/control, inayoamua kama kifaa kiruhusiwe kusinzia. Baadaye nikahamia TLP, programu nyingine ya kuokoa umeme, ambayo kwa kawaida haivilazi vipanya wala kibodi za USB. Dreva ya sauti, snd_hda_intel, niliirudishia power_save=0, yaani isisinzie, maana ilichookoa hakikulingana na kero yake. Kigezo cha pcie_aspm=force ndicho ninachokiogopa: huilazimisha kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kupunguza umeme hata kwa vifaa ambavyo havikutangaza kuwa vinaweza, na mashine yangu iliganda mara mbili kabla sijakiondoa.

Diski ya kuzunguka inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu madhara yake hayaonekani siku hiyohiyo. Niliiwekea hdparm -B 1 (hdparm ni amri ya kupangia diski), yaani ubanaji wa juu kabisa, ikawa inaegesha vichwa vyake vya kusomea kila inapopata nafasi ya kupumua, na kila uegeshaji huhesabiwa. Diski nyingi za mpakato hukadiriwa kuhimili takriban mara 600,000. Hesabu hiyo huonekana kwa smartctl -A, amri ya kusoma hali ya diski, kwenye mstari wenye kitambulisho 193, na yangu ilikuwa ikipanda hata nilipokuwa nasoma tu ukurasa mmoja. Sasa nimeiweka 254, kiwango kisichoruhusu diski kusimama, na mstari huo nautazama kila mwisho wa mwezi.