Kabla hujanunua boila mpya, angalia kwanza presha ya hiyo uliyonayo

Boila yangu ya kwanza, ile mashine ya gesi inayochemsha maji ya kupasha nyumba joto na ya kuoga, haikufa kwa uzee. Niliiua mwenyewe kwa kuiongezea maji kila baada ya siku mbili tatu, na msimu mzima wa baridi hakuna mtu aliyeniambia kwamba ile tabia ndo inaimaliza.

Ilikuwa hivi. Naamka asubuhi nyumba imepoa, rejeta zote, yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayopitisha maji moto, ukizishika ni baridi kama chuma kilicholala nje, nikiangalia geji ya boila mshale wa presha uko kwenye bar 0.4 na boila imegoma kuwaka. Nafungua ile vali ya kujazia maji, mshale unapanda mpaka 1.2, boila inawaka, najisifu kwamba nimetengeneza. Jioni ikishapata moto mshale unakimbia mpaka karibu na 3, afu nje kwenye kile kibomba cha shaba kinachotokeza ukutani maji yanadondoka. Kesho yake tena 0.4. Fundi wa kwanza alisema kuna rejeta inavuja, akazunguka nyumba nzima hakuona hata tone, akachukua hela yake akaenda. Wa pili alibadilisha vali ya usalama, ikatulia kama wiki hivi afu yakawa yaleyale. Wa tatu, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alifungua tu mfuniko wa mbele, akatafuta kitu chekundu bapa kama sahani nyuma ya boila chenye kipini kama cha tairi la baiskeli, akakibonyeza kwa ncha ya bisibisi. Yakatoka maji. Akanigeukia, "Hapa ulitakiwa utoke upepo."

Hicho kitu chekundu ni tenki la upanuzi na ukilielewa hilo peke yake umeshaokoa hela nyingi. Maji yakitoka kwenye ubaridi kwenda nyuzi 70 hivi yanatanuka, kila lita 100 zinaongezeka kama lita 2, na yakiwa yamefungiwa ndani ya mabomba hizo lita 2 lazima zipate pa kwenda. Ndani ya tenki kuna ngozi ya mpira, upande mmoja maji na upande mwingine upepo, maji yakitanuka yanausukuma mpira na upepo unabanwa, yakipoa yanarudi. Mpira ukichanika au upepo ukiisha hakuna nafasi tena, presha inapanda mpaka 3 ambapo vali ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje kama inavyotakiwa, afu vikipoa unakuta maji yamepungua. Kwahiyo kubadilisha vali ya usalama haikusaidia kitu sababu yenyewe ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Sasa ubaya wa kujazia kila mara ni kwamba maji mapya yanaingia na oksijeni, oksijeni inakula chuma cha rejeta, na kile chuma kinageuka tope jeusi laini linalozunguka mpaka kwenye pampu na kwenye moyo wa boila pale maji yanapopashwa moto. Yule mzee alichota maji kidogo kwenye chupa, yalikuwa meusi kama wino, akaweka sumaku ubavuni mwa chupa na lile tope likasogea lote likaganda pale kwenye sumaku. Sijasahau ile chupa mpaka leo. Boila ilikuwa imeshaanza kunguruma kama birika la maji yanayochemka, maana yake njia za ndani zimeziba, na kuiokoa ingekula hela nyingi kuliko thamani yake.

Ndo nikaanza kutafuta mpya, na hapa nakusihi usikimbilie kusikiliza wauzaji. Wengi watakuuliza una vyumba vingapi na mabafu mangapi, afu wanakutajia kilowati 30 au 35 na wewe unaona kubwa ndo bora. Fanya kitu kimoja. Siku ya baridi kali kabisa, nyumba ikiwa imepashwa mchana na usiku bila kuzimwa, soma mita ya gesi saa hii na kesho saa hii hii. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia ina nishati kama kilowati saa 10 na kitu hivi. Mi nilitumia mita 13 za ujazo kwa siku, yaani kama kilowati saa 140, gawa kwa masaa 24 unapata kilowati 6 hivi. Nyumba yangu ilikuwa inataka 6 na boila iliyokuwepo ilikuwa ya 30! Ndo maana ilikuwa inawaka dakika mbili, inazima, inawaka tena, kutwa nzima, na kila kuwaka ni kuchosha feni, kiwashio na vali ya gesi.

Kwahiyo usiangalie tu inafika juu kiasi gani, ulizia inashuka chini mpaka kilowati ngapi. Kuna za 24 zinazoshuka mpaka 2.4 na kuna za 24 zinazoishia 7 au 8, na kwenye karatasi ya mauzo zinafanana. Zile kilowati kubwa kwenye boila zisizo na tenki la maji moto kazi yake ni maji ya kuoga, 24 inakupa kama lita 10 kwa dakika ikiongeza joto la maji kwa nyuzi 35. Inatosha bafu moja. Kama kwenu watu wawili wanaoga kwa wakati mmoja kila asubuhi, bora ufunge yenye tenki la maji moto kuliko kununua boila jitu, ila maji ya tenki yafike nyuzi 60 sababu ya Legionella, bakteria wanaoleta ugonjwa wa mapafu.

Kingine, hizi boila za kisasa zinazovuna joto kwenye mvuke wa moshi zinavuna vizuri pale tu maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yako chini ya nyuzi 55 hivi. Mafundi wengi wanaifunga, joto la maji yanayokwenda kwenye rejeta wanaliacha kwenye 75 au 80, wanaondoka. Lishushe mpaka 60, ikiwezekana hata 50, kama nyumba bado inapata joto. Hiyo haina gharama yoyote.

Na tafadhali sana usikubali boila mpya ifungwe kwenye mabomba machafu. Mfumo wote uoshwe, iwekwe dawa ya kuzuia kutu, na chujio la sumaku lifungwe kwenye bomba la kurudi. Fundi akikwambia chujio sio lazima, tafuta mwingine.

Kuhusu chapa sitaki kukutajia. Waulize mafundi watatu, sio wauzaji, boila ipi wanapata spea zake siku hiyohiyo. Boila nzuri ambayo spea yake inasubiriwa wiki tatu kwenye baridi sio nzuri kwako.

Matatizo mengine mengi ni madogo kuliko yanavyotisha. Rejeta zinapata moto ukifungua maji ya kuoga tu, hiyo mara nyingi ni vali ya kugeuza njia, ile inayopeleka joto kwenye rejeta au kwenye maji ya kuoga. Inawaka afu inazima baada ya sekunde chache, mwambie fundi aanze na kile kijiti kinachohisi moto, kikichafuka boila inadhani moto haupo. Imezima usiku wa barafu na inatoa mlio wa maji yanayobubujika, angalia lile bomba la plastiki linalotoa maji ya mvuke nje, limeganda, limwagie maji ya vuguvugu (sio yanayochemka, litapasuka) afu bonyeza kitufe cha kuwasha upya. Pampu, feni, tenki la upanuzi, vyote hivyo vikiharibika badilisha uendelee na maisha. Ila ule moyo wake ukipasuka na boila ina miaka 12, mi ningeacha.

Kitu cha gesi usifungue mwenyewe, aje fundi mwenye leseni, na funga kengele ya kaboni monoksaidi mita 1 mpaka 3 kutoka kwenye boila. Kaboni monoksaidi ni gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kama kichwa kinawauma wote nyumbani na mkitoka nje kinapona, zima boila, fungua madirisha, tokeni kwanza, simu mtapiga mkiwa nje.

Yangu ya sasa nimeibandikia karatasi ndani ya mlango wa kabati, kila mwanzo wa mwezi naandika presha ikiwa imepoa na ikiwa moto. Toka imefungwa ni 1.3 ikiwa baridi na 1.7 ikiwa moto, mistari yote inafanana, na vali ya kujazia sijaigusa.