"Lithiamu imechujwa": imepatikana au imetupwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Kisumu. Naandaa somo kuhusu kutoa lithiamu katika betri zilizoisha za pikipiki za umeme kwa kutumia utando. Mwanafunzi mmoja ameandika, "Lithiamu huchujwa na utando." Je, sentensi hiyo inasema lithiamu inapita au inazuiwa? Na niseme utando, kiwambo au chujio?

JIBU: Mwalimu, sentensi hiyo inaweza kusomwa kwa njia zote mbili, na ndiyo maana haifai darasani.

Kuchuja hutaja kwanza kile kizima kinachomiminwa. Ukisema umechuja chai, kila mtu anajua kinywaji kimepita na majani yamebaki. Lakini ukichagua kitu kimoja kati ya vingi na kusema kimechujwa, maana huelekea kwingine. Timu iliyochujwa imeaga mashindano. Aliyechujwa katika kura za mchujo hatakuwa na tiketi ya chama. Basi msomaji wa "lithiamu imechujwa" ana haki ya kudhani imeondolewa kama taka, ilhali ndiyo tunayoitafuta.

Tutazame kinachotendeka. Betri husagwa, na ule unga mweusi wenye madini huyeyushwa kwa asidi. Ikiwa betri ni ya aina yenye nikeli, kobalti na manganisi, madini hayo huwa ndani ya myeyusho pamoja na lithiamu. Ioni ya lithiamu, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, ina chaji chanya moja. Za hao wenzake kwa kawaida zina mbili. Utando wenye vitundu vya kiwango cha nanomita, nao ukiwa na chaji chanya, huzisukuma nyuma kwa nguvu zaidi zile zenye chaji mbili. Lithiamu hupenya kwa wingi, nyingine nyingi husalia. Kwa hiyo mfundishe aandike: "Utando hupitisha lithiamu na kuzuia kobalti." Akitaka kubaki na kuchuja, basi: "Myeyusho huchujwa kwa utando ili kupata lithiamu."

Hapo pia ndipo ninapochagua utando badala ya chujio. Chujio humfanya mtoto afikirie ukubwa wa matundu peke yake, na hapa chaji ina kazi kubwa. Utando umetokana na kutanda, na wanafunzi wanaujua tayari kwenye seli za viumbe hai. Kiwambo, kutoka kuwamba, ni kitu kilichokazwa kama ngozi ya ngoma; si kosa, ila usiyachanganye maneno hayo mawili katika somo moja.

Umeandika "kutoa lithiamu", usilibadilishe. "Kurejesha lithiamu", ninayoiona mara nyingi katika tafsiri, humwacha msomaji akiuliza inarejeshwa wapi. Kuopoa, neno la watu wa ziwani, ni zuri mno, lakini ningeliweka kwa njia nyingine: ile ambapo kitu kinatumbukizwa katika myeyusho, kinaishika lithiamu yenyewe, kisha kinatolewa nayo.

Neno moja ningelibadilisha, nalo ni "zilizoisha". Mwendesha bodaboda wa Kondele akisema betri imeisha, anatafuta chaji, hana haja ya kuisaga. Andika "betri chakavu", au "betri zilizochoka" ukizungumza na mafundi.