Prague mwezi wa Desemba na watoto wawili

Dada, umeuliza kama siku nne kabla ya Krismasi zinatosha kuiona Prague, mji mkuu wa Czech, ukiwa na mume na watoto wa miaka 6 na 9. Zinatosha, ila usizijaze. Jua huzama kama saa kumi jioni, kwa hiyo matembezi ya nje yawe asubuhi. Daraja la Charles, lililoanza kujengwa mwaka 1357, livukeni kabla umati haujafika, kisha mpande hadi kwenye kasri. Pale uwanja wa Mji Mkongwe kuna saa ya mwaka 1410. Kila inapogonga, sanamu za mitume hupita dirishani. Wanangu waligoma kuondoka hadi waione tena.

Kinachoharibu safari ni miguu kulowa. Barabara ni za mawe na huteleza, basi anza na viatu visivyopitisha maji, koti lifuate.

Viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Czech ikiwemo, unaruhusiwa kuiomba hadi miezi 6 kabla ya safari. Tafadhali usingoje Novemba. Bima ya matibabu iwe ya angalau yuro 30,000. Na tarehe 24 maduka makubwa hufungwa saa sita mchana, nunueni chakula mapema.