Rafiki mliyepoteana tangu utotoni, mtumie wimbo

Kama una mtu mliyekua pamoja, mkaja kuachana kimya kimya bila hata ugomvi wa wazi, usimwanze kwa "habari za siku nyingi". Huku kwetu Tanga, ukimpigia mtu baada ya miaka kumi na saba ukaanza hivyo, moyo utampasuka akidhani kuna msiba, au atajua unataka kukopa. Mwanze na kitu mlichokipenda nyote wawili. Mimi kilichonirudishia shoga yangu ni wimbo wa filamu ya katuni.

Tulikaa Ngamiani, wao Barabara ya 12, sisi ya 14. Kwao kulikuwa na friji, mama yake akiuza barafu za ukwaju, na kulikuwa na televisheni na deki. Mwaka 1998 mjomba wake alitoka Mombasa na mkanda wa The Lion King, ile ya 1994. Kila Jumamosi tukitoka chuoni, juzuu bado zi kwapani, tulijitupa mkekani tukaimba mwanzo mpaka mwisho. Majina yale tuliyapokea kama ya jamaa zetu: Rafiki, Pumbaa aliyepumbaa kweli, Shenzi yule fisi. Bibi yangu alisema kumwita simba Simba ni sawa na yeye kuniita mimi Mtoto. Ila sauti ya mwanzoni kabisa, jua linapochomoza, ilitushinda. Tulishika neno moja tu, "Baba". Ukubwani ndipo nilipojua kuwa ni Kizulu, anaimba Lebo M wa Afrika Kusini, na anachotangaza ni kwamba simba anakuja. Shoga yangu alikuwa akipaimba pale macho kayafumba, kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, na mimi niliamini ndiyo yenyewe.

Siku moja deki ikatafuna mkanda. Mama yake alifungua kifuniko kwa bisibisi, tukakuta utepe umesokotana humo ndani kama tambi. Aliuchomoa taratibu kwa ncha za kucha, akaulaza juu ya goti, akaunyoosha kwa upindo wa kanga, inchi baada ya inchi, sisi hatupumui. Ukacheza tena. Lakini katikati ya wimbo wa Hakuna Matata, pale Simba na rafiki zake wawili wanapopita juu ya gogo, picha ilijaa chenga na sauti ikazama. Ikirudi, Simba ana manyoya shingoni. Basi tukaimba hivyo hivyo: tukifika kwenye gogo tunanyamaza, tunahesabu moja, mbili, tatu, tunaendelea.

Kidato cha kwanza wasichana wapya walimkuta shoga yangu bombani anaimba huku anakinga maji. Wakacheka. Mmoja akanigeukia, akauliza kama na mimi naimba nyimbo za vikatuni. Nikasema, "Mimi? Huyo ndiye bado mtoto." Alinisikia. Akafunga bomba, ndoo haijafika hata nusu, akaondoka nayo. Hatukugombana. Tuliendelea kusalimiana mpaka shule ikaisha, akaolewa Dodoma, na harusini sikwenda.

Mwaka 2019 ilipotoka ile filamu mpya, binti yangu alitaka kuiona na ya zamani. Nikawa naimba naye. Tulipofika kwenye gogo nikanyamaza. "Mama, mbona unaruka?" Nikatazama. Simba akapanda gogo akiwa mdogo, akawa kijana, akashuka mkubwa. Nina miaka thelathini na moja, na ndiyo kwanza namwona alivyokua.

Kesho yake nilikwenda Barabara ya 12 kuomba namba. Mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa chai, kisha akasema, "Namba hii hapa, mwanangu. Ila usimwombe radhi ya jumla jumla. Habari ya ile ndoo ninayo."

Huo ndio ushauri mkubwa nilio nao, na si wangu. "Nisamehe kwa yote" ni neno la sikukuu, tunamwambia kila mtu, na aliyeumia halimfikii. Taja siku. Taja mahali. Taja ulichokisema kwa maneno yaleyale, hata kama koo linakukauka.

Na usitume kiungo cha wimbo, imba wewe. Mji huu ni wa taarabu, wa Black Star na Bi Shakila. Tumelelewa tukijua kwamba ubeti una mwenyewe, na mwenyewe akiusikia anajijua. Sauti yako hata ikikwaruza ndiyo anayoifahamu. Mimi nilijirekodi jikoni, nikaimba mpaka kwenye gogo, nikanyamaza, nikahesabu. Halafu nikasema: "Shoga, nimemwona alivyokua. Na siku ile bombani nilikwita mtoto mbele ya watu, nikakukana. Nilikosa."

Baada ya hapo mwache. Aliusikiliza usiku uleule, nikaona, na siku nne hakujibu. Nilikuwa nashika simu kila baada ya dakika chache, nikitaka kuongeza neno, kueleza, kumuuliza watoto hawajambo. Usiongeze. Muda huo ni wake, anautumia anavyoona inafaa, na anayo haki hata ya kutokujibu kabisa. Siku ya tano ulikuja ujumbe wa sauti. Hakuna salamu. Alianzia pale chenga zinapoisha akaimba mpaka mwisho.

Desemba alikuja Tanga na wanawe. Tukatandika mkeka kwa mama yake, barafu za ukwaju mkononi, watoto mbele yetu, tukaiweka ya zamani. Tukaimba wote. Gogo lilipotokea, mimi na yeye tukanyamaza kwa pamoja, hakuna aliyemtazama mwenzake, na watoto wakaendelea kuimba peke yao.